Mwongozo kamili: jinsi ya kusoma riwaya za serikali inayotaka mpaka kichwa chako (kwa wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe)

Ugonile wadau, na wa Iringa na Njombe kamwene. Huu mwongozo ni kwa yeyote anayetaka kusoma zile riwaya za nchi za kubuni ambako serikali haijatosheka na kodi yako wala kura yako, inataka na unachowaza ukiwa umelala. Wenyewe wanaziita distopia. Nimeuandika kwa hatua ili hata ukiwa na kikundi cha watu wachache hapo mtaani mnaweza kuufuata, na ukisoma peke yako pia inakubali.

Nianze na kitu kimoja ambacho ndo kinabeba yote yanayofuata. Watu wengi wakishika hivi vitabu wanaanza kumtafuta dikteta, nani mbaya, polisi wako wapi, nani kapigwa, afu wakimaliza wanasema "aisee ile serikali ilikuwa mbaya" basi, kimeisha wanahamia kingine. Mi naona hapo umesoma nusu. Kwenye hizi riwaya polisi wanakujaga mwishoni, wakati kazi kubwa imeshafanyika zamani kwa kumnyang'anya mtu vile vitu anavyofikiria navyo: maneno, kumbukumbu, sehemu ya kuwa peke yake, na mtu wa kuongea naye bila kuogopa. Na kinachouma zaidi ni kwamba mara nyingi mhusika anavitoa kwa mkono wake mwenyewe, sababu kuna kitu analipwa.

Hatua ya 1: anza na cha nyumbani

Usianze na vya Wazungu. Anza na Kusadikika cha Shaaban Robert, kilitoka 1951, ni chembamba, Jumapili moja unakimaliza. Kama ulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani kisome tena, maana shuleni tulikuwa tunatafuta tamathali za semi tu na wasifu wa wahusika.

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme, mshtaki wake ni waziri anaitwa Majivuno, na kosa lenyewe ni kuanzisha elimu ya sheria. Hajaiba, hajaua, hajatukana mtu. Kataka watu wajue sheria, kwa hiyo kesho na keshokutwa wataanza kuuliza. Karama anajitetea siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa kwenda nchi nyingine, mmoja mashariki, mwingine magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mazuri ya kuisaidia nchi, na wakatupwa gerezani.

Sasa tulia hapo hapo. Hao wajumbe walitumwa na serikali yenyewe! Haikuwa safari ya kutoroka. Serikali iliwatuma walete habari, habari zilipofika ikawafunga kwa sababu ya habari. Ukielewa hilo umeshaelewa nusu ya riwaya zote za namna hii, kwamba utawala wa aina hiyo unataka taarifa lakini hautaki wazo, na mtu anayerudi na taarifa kichwani tayari karudi na wazo, hawezi kuvitenganisha.

Kitabu cha pili chukua Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, ya kitabu cha George Orwell kilichotoka 1945. Baada ya hapo ndo ingia kwenye 1984 ya huyo huyo Orwell (1949), Brave New World ya Aldous Huxley (1932) na Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury (1953). We ya Mrusi Yevgeny Zamyatin iache mpaka umezoea, ni ya zamani kuliko hizo zote lakini imeandikwa kwa mtindo wa vipande vipande, ukianza nayo unaweza kukata tamaa ukaona vitabu vyote viko hivyo. The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood (1985) isome muda wowote ila usiisome usiku kama kesho una kazi.

Hatua ya 2: jua mwandishi alikuwa anaangalia nini

Hii fanya fasta, isikuchukue siku nzima. Soma kurasa mbili tatu za maisha ya mwandishi uondoke. Sababu ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekaa tu akaota.

Zamyatin alikuwa injinia wa meli, wakati wa vita ya kwanza alipelekwa Uingereza kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu, aliwahi kufungwa na serikali ya Tsar, afu mapinduzi aliyoyaunga mkono yalipofanikiwa akaandika We mwaka 1920 na 1921, kitabu kikakataliwa nyumbani. Kilitoka kwanza kwa Kiingereza 1924, Warusi wenyewe wakaja kukisoma kihalali 1988. Orwell alipigana Hispania, akaona magazeti yanaelezea vita ambayo yeye mwenyewe alikuwepo, na maelezo hayafanani na alichokiona, baadaye akafanya kazi BBC miaka ya 1941 mpaka 1943 kutengeneza vipindi vya India. Huxley alikuwa anaangalia kiwanda cha magari cha Ford na watu wanavyopenda starehe. Na hii naipenda: Huxley alishawahi kumfundisha Orwell Kifaransa shuleni Eton, na 1984 ilipotoka akamwandikia barua akimwambia kwamba watawala wa mbele huko watagundua njia rahisi zaidi kuliko buti usoni, yani kuwafanya watu wapende utumwa wao. Mwalimu na mwanafunzi wanabishana kuhusu nani atatuharibia akili na kwa njia gani.

Ubishi huo uweke kichwani unaposoma, utakusaidia kuliko utangulizi wowote.

Hatua ya 3: daftari na maswali matatu

Chukua daftari la kawaida la shule, kila ukikutana na tukio linalokushtua andika majibu ya maswali matatu: mhusika kachukuliwa nini, nani kakichukua, na kalipwa nini. Hilo la tatu watu wanalisahau, na ndo tamu kuliko yote.

Tufanye pamoja kwa tukio moja la 1984. Winston Smith anafanya kazi Wizara ya Ukweli, idara ya kumbukumbu. Inatangazwa kwamba mgao wa chokoleti utashuka kutoka gramu 30 kwa wiki mpaka 20. Tatizo ni kwamba huko nyuma wizara nyingine iliahidi mwaka huo mgao hautapungua. Kwa hiyo Winston anapewa kazi ya kurekebisha ile ahadi ya zamani, anaandika upya ionekane walitoa onyo kwamba huenda mgao ukapungua, halafu karatasi ya mwanzo anaitupa kwenye tundu ukutani, inaenda kuchomwa. Siku moja baada ya lile tangazo yuko kantini anakula, mara skrini inatangaza kwamba watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, ndo mtawala wa nchi hiyo, kwa kuupandisha mgao wa chokoleti kufika gramu 20.

Gramu 20! Jana tu zilikuwa 30! Winston anaangalia watu waliokaa naye. Parsons kameza habari kirahisi kabisa, yule hana shida na kitu. Syme, ambaye ana akili sana, naye kaimeza, ila kwa kuzungushazungusha kichwani mpaka ikapita. Winston anajiuliza, ina maana mi ndo peke yangu nina kumbukumbu humu ndani?

Jaza daftari sasa. Kilichochukuliwa: jana. Nani kakichukua: hapa ndo watu wanaandika haraka "chama", yani kile kinachotawala, na wanaendelea. Rudi nyuma kurasa chache uangalie, karatasi iliyoingia kwenye tundu ilirushwa na Winston mwenyewe, shujaa wetu, anayechukia chama, anayeandika shajara ya siri. Na kalipwa nini? Orwell anasema wazi, raha kubwa kuliko zote kwenye maisha ya Winston ni kazi yake. Anaifurahia, ni fundi, akipewa uongo mgumu anauandika vizuri anasahau na shida zake. Huyo ndo mtu anayelalamika kantini kwamba wengine hawana kumbukumbu.

Ukishafanya zoezi hili kwa matukio kama manne hivi, utaanza kusoma tofauti. Huhitaji tena mtu akuambie kitabu kinahusu nini.

Hatua ya 4: vifaa vitano, fuatilia kimoja kimoja

Vifaa namaanisha vile vitu ambavyo serikali inapitia ili kuingia kichwani mwa mtu. Sio kila kitabu kina vyote vitano na hakuna haja ya kulazimisha. Nitavieleza kwa urefu tofauti maana vingine vina mambo mengi.

*Kumbukumbu.* Nimeshagusa hapo juu, niongeze cha Shamba la Wanyama. Wanyama wameshamfukuza mwenye shamba, amri zao saba zimeandikwa ukutani, na moja inakataza kulala kitandani. Nguruwe, ambao ndo watawala sasa, wanahamia kwenye nyumba, wanalala vitandani. Farasi jike mmoja anakumbuka kabisa kulikuwa na amri, lakini kusoma hajui vizuri, anamuita mbuzi amsomee. Mbuzi anasoma, amri inasema usilale kitandani *chenye shuka*. Farasi anaangalia, anaona basi alikuwa amesahau sehemu ya shuka. Anaamini ukuta kuliko kichwa chake, kwa adabu kabisa. Baadaye usiku mmoja yule nguruwe msemaji wa utawala anakutwa kaanguka chini ya ukuta, ngazi imekatika, pembeni kuna brashi na kopo la rangi nyeupe, na bado wanyama karibu wote hawaunganishi!

Yoko Ogawa wa Japani kwenye The Memory Police (1994) kaenda mbali zaidi, kisiwani kwake vitu vinapotea kimoja baada ya kingine, ndege, maua ya waridi, na watu wenyewe wanavitupa, na wakishavitupa wanasahau hata vilikuwa vya nini, polisi wanawatafuta wale wachache ambao vichwa vyao vinakataa kusahau. Sisi wa huku tuna sababu ya kukielewa hicho kitabu. Fuvu la Mkwawa lilipelekwa Ujerumani, likaandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, likarudi 1954, sasa liko makumbusho Kalenga pale karibu na Iringa. Miaka yote hiyo fuvu halipo lakini Wahehe hawakusahau, ndo maana kulikuwa na kitu cha kudai. Kisiwa cha Ogawa kingelisahau wiki hiyo hiyo.

*Maneno.* Kwenye 1984 kuna lugha inatengenezwa inaitwa Newspeak, Syme yuko kwenye timu ya kamusi, toleo la kumi na moja. Wakiwa wanakula anamueleza Winston kwa furaha kabisa kwamba kazi yao haswa ni kuyaua maneno, kila mwaka kamusi inapungua, mwisho wa safari mtu hataweza kuwaza uasi sababu hatakuwa na neno la kuuwazia. Neno la kusema kitu kiko huru linabaki, lakini kwa maana ya mbwa hana chawa au shamba halina magugu. Uhuru wa mtu haupo tena kwenye kamusi. Na Winston anamuangalia Syme anawaza, huyu siku moja atapotezwa, anaelewa mno, anasema wazi mno. Na kweli anapotea. Jibu la swali la tatu kwa Syme ni nini? Alilipwa kwa kuruhusiwa kuwa na akili, malipo yaliyomuua.

Unaposoma usitafute tu maneno mapya. Tafuta na salamu. Kwa Atwood, nchi inaitwa Gilead, wanawake wanaotumika kuzalia wakubwa wana salamu walizopangiwa, mmoja anasema tunda na libarikiwe, mwenzake anajibu Mungu na afungue, basi, mazungumzo yamefungwa kabla hayajaanza. Huku kwetu salamu ni ndefu mpaka mtu anaulizwa habari za watoto, za shamba, za mvua, za mgonjwa, na ndani yake habari zote za kijiji zinapita. Pale salamu imetengenezwa isipitishe kitu. Na wanawake hawaruhusiwi kusoma kabisa, mpaka mabango ya maduka yamebaki picha tu.

*Faragha.* Zamyatin kawaweka watu wake kwenye nyumba za vioo. Kila mtu anamuona kila mtu anavyokula, anavyolala, na pazia linaruhusiwa kushushwa kwa saa maalum tu kwa tiketi ya rangi ya waridi, yani na mapenzi yana kibali. D-503, injinia anayesimulia, haoni ubaya wowote, anasifia. Orwell anatoa skrini inayokuangalia huku unaiangalia, na Winston anapata kipembe kidogo cha chumba ambacho skrini haikifikii, pa kuwekea rafu ya vitabu, anajibana hapo anaandika. Uasi wote wa kitabu unaanzia kwenye kosa la fundi aliyejenga chumba! (Sisi tunaopanga vyumba vya uani Mwanjelwa hapa Mbeya jirani anasikia mpaka unavyokoroga uji, ila sio kitu kilekile, jirani hakuandikii faili.)

*Mtu wa karibu.* Parsons, yule aliyemeza chokoleti kirahisi, anakamatwa kwa kusema maneno mabaya usingizini. Aliyemchoma ni binti yake wa miaka saba aliyesikiliza kwenye tundu la funguo, na baba yuko mahabusu anajivunia mtoto kalelewa vizuri. Kwa Bradbury, Montag ni zimamoto ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu, anaanza kuvificha, na anayepiga simu ya kumchoma ni mke wake Mildred. Gilead wale wanawake wa kuzalia wanatembezwa wawili wawili, kila mmoja mpelelezi wa mwenzake. Ukiangalia vizuri serikali hazina askari wa kutosha kwenye hivi vitabu, hazina haja nao. Wameshafanya mtu asijue nani wa kumwambia, na wazo usiloweza kumwambia mtu baada ya muda linanyauka lenyewe.

*Raha.* Hapa ndo Huxley anapomzidi mwanafunzi wake, ni maoni yangu, mnaweza kubisha. Watoto wanatotolewa kwenye chupa, wanagawanywa madaraja kuanzia Alpha mpaka Epsilon, wakiwa wamelala spika zinawarudia sentensi zile zile maelfu ya mara mpaka zinakuwa mawazo yao. Kuna tukio watoto wachanga wa miezi nane wanawekewa vitabu vya rangi na maua, wanatambaa wanacheka kuvifuata, wakivigusa kengele kali inalia na sakafu inawapiga shoti. Wanarudia hivyo mara mia mbili. Watoto hao wakikua hakuna haja ya kupiga marufuku kitabu, hawatakitaka. Na ukikua ukapata huzuni kuna vidonge vya bure. Na Mildred wa Bradbury ana kuta tatu za sebule zote ni runinga, anataka ya nne, inagharimu theluthi ya mshahara wa mwaka wa mumewe, masikioni kaweka viredio vidogo usiku kucha. Kapteni Beatty, bosi wa wachoma vitabu, anatoa maelezo marefu na wengi wanayaruka, msiruke! Anasema haikuanzia juu serikalini. Watu wenyewe walitaka vifupi, vya haraka, visivyomuudhi yeyote, na moto ukaja baadaye kumalizia tu.

Hatua ya 5: chora mnyororo, na utafute panapolegea

Kwenye karatasi andika mtawala juu, mhusika chini, afu katikati wajaze wote ambao amri inapita kwao. Utashangaa watu wa katikati walivyo wengi na walivyo wa kawaida, makarani, walimu, wale akina Shangazi wa Gilead wanaowafunza wanawake wa kuzalia, mkuu wa kitengo.

Kitabu kizuri kuliko vyote kwa zoezi hili ni Mũrogi wa Kagogo cha Ngũgĩ wa Thiong'o, alikiandika kwa Kigĩkũyũ afu akakitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, kikatoka 2006. Ni kikubwa sana, tofali kabisa, ila kinachekesha. Nchi inaitwa Aburĩria. Mbunge mmoja, Machokali, kabla hajawa waziri alienda London kufanyiwa upasuaji macho yawe makubwa ili awaone maadui wa Mtawala popote walipojificha. Mwenzake Sikiokuu naye kuona hivyo akaenda Paris kukuza masikio. Wa tatu karefusha ulimi akitaka uwaziri wa ulinzi, akaishia kupewa wa habari. Hakuna aliyewalazimisha! Wameenda kwa nauli na hamu yao, kila mmoja anataka kumzidi mwenzake. Na panapolegea ni hapo hapo, macho na masikio ya dola yanachukiana, yanatumia muda mwingi kuchimbana kuliko kumlinda mtawala.

Hatua ya 6: soma mwisho mara mbili

Waandishi hawa wanaficha maoni yao kwenye kurasa za mwisho. Winston anavunjwa, anaishia kumpenda Kaka Mkubwa. D-503 anafanyiwa upasuaji wa kutolewa uwezo wa kubuni kichwani, kisha anaangalia mwanamke aliyempenda akiteswa na hana hisia yoyote, anaandika kwa utulivu kabisa. Kijana John wa Huxley, aliyekulia nje ya mfumo ule wa chupa, anajinyonga. Montag anatoroka anakutana na watu wanaotembea na vitabu vizima kichwani wamevikariri. Karama anaachiwa huru. Jiulize kwa nini Shaaban Robert, aliyeandika wakati wa mkoloni, ndo aliyempa mfalme masikio ya kusikia.

Halafu kuna kurasa baada ya mwisho, ambazo watu wanazifunga. 1984 ina kiambatisho kuhusu Newspeak, na kimeandikwa kwa wakati uliopita, kama mtu anayeelezea kitu kilichokufa zamani, kwa lugha ya kawaida kabisa. Atwood naye anamalizia na mkutano wa wasomi mwaka 2195 wakijadili Gilead kama historia, na wengine wanafanya mizaha. Kama uliishia kwenye ukurasa wa machozi hukumaliza kitabu.

Hatua ya 7: kikundi

Msimu mzuri ni mwezi wa 6 na wa 7, Mbeya kukiwa na ile baridi hakuna mtu anataka kuzurura, Makambako upepo ndo usiseme. Watu sita mpaka nane wanatosha. Wakizidi hapo, wawili wanaongea, waliobaki wanachat. Mahali popote pa chai panafaa, Iringa mkiwa na jua mnaweza kupanda jiwe la Gangilonga mkajadili huko juu mkiuona mji wote. Kama nakala ni moja, gawaneni, kila mtu abaki nayo siku kadhaa, anayemaliza aandike matukio matatu kwenye daftari moja la kikundi ambalo linazunguka pamoja na kitabu. Nimeona hilo daftari linakuwa tamu kuliko kikao chenyewe, watu wanajibizana pembeni kwa peni za rangi tofauti.

Kila mtu mpe kifaa kimoja kati ya vile vitano. Wa faragha aangalie faragha tu. Vinginevyo wote watakuja na polisi.

Na patatokea mtu, lazima, dakika ya kumi tu atasema "hii ni sisi kabisa". Msimzime na msimshangilie. Muulizeni yale maswali matatu, kachukuliwa nini, nani kakichukua, na kalipwa nini. Akijibu kwa mfano mmoja unaoeleweka, kikao kimepata nyama. Akishindwa, endeleeni na chai. Na muulizeni pia ni wapi *haifanani*, maana mtu anayeona kila kitu kinafanana na 1984, mpaka mwenye nyumba kukukumbusha kodi, hajasoma bado. Mzee akiwepo mpeni nafasi asimulie mwisho, sio mwanzo, akianza yeye vijana watakaa kimya kwa heshima na kikao kimekufa.

Hatua ya 8: andika ukurasa mmoja wa kwako

Hii ndo inaonyesha kama umeelewa. Chagua kifaa kimoja tu, kitoe, afu weka siku ya kawaida mahali unapopajua.

Mfano wa kuanzia: nchi ambayo ni kosa kutaja bei ya jana. Hakuna maelezo zaidi. Uko soko la Mwanjelwa, mama ana viazi kwenye sado, mteja anauliza bei, anatajiwa, anafungua mdomo aseme "si juzi tu ilikuwa..." anaumeza. Mama anamuangalia. Anamuongezea viazi viwili juu ya sado bila kusema kitu, na mteja anasema asante mama, bei zimekuwa nzuri sana siku hizi, kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika.

Ukishaandika pitia na daftari, kilichochukuliwa kinaonekana? Aliyekichukua ni nani pale, mama, mteja, au wote? Na vile viazi viwili ni malipo ya nini? Kama umeweka askari kwenye ukurasa huo mtoe, uone kama bado unatisha. Usipotisha bila askari, rudia kuandika, na safari hii umpe yule mteja mtoto mdogo kamshika mkono, mtoto ambaye bei ya jana anaikumbuka.